Maneno ya Aliye Chini

Kabla hujafundishwa kumkaba mtu, utafundishwa kugonga. Unapiga kiganja mara mbili tatu kwenye mwili wa mwenzako, au kwenye mkeka kama mwili wake haufikiki, naye anaachia hapo hapo. Mikono yote miwili ikibanwa, gonga kwa mguu. Mguu nao ukishindikana, sema. Kwenye mashindano yanayofuata kanuni za IBJJF, shirikisho lenye nguvu kuliko yote katika jiu-jitsu ya Brazil, hata ukelele wa maumivu unahesabiwa kuwa umegonga, na mwamuzi atasimamisha pambano bila kukuuliza ulikusudia nini. Mwalimu atakayeanza somo lako la kwanza na jambo jingine lolote kabla ya hilo, mkimbie.

Ukishajua kugonga, maneno yanakuja kwa mafuriko, tena kwa lugha tatu kwa mpigo. Mbinu ya kunyoosha kiwiko cha mtu kuelekea kusikokunjika, Wajapani wanaiita juji-gatame. Wabrazil waliipokea kwa Wajapani, lakini wengi wao wanaiita kwa neno la Kiingereza, armlock. Mwalimu mmoja anaweza kutumia majina yote mawili katika somo moja, akaongeza la tatu la kwake. Mgeni anabaki ameduwaa, akidhani ameonyeshwa vitu vitatu.

Mchanganyiko huo una safari nyuma yake. Jigoro Kano alianzisha judo ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, baada ya kuchambua na kuchuja mitindo ya zamani ya jujutsu. Mwanafunzi mmoja wa Kodokan, Mitsuyo Maeda, alikwenda Marekani mwaka 1904, kisha akazunguka Ulaya, Kuba na Meksiko akipigana mbele ya watu waliolipa kiingilio. Mwaka 1914 alifika Brazil, na hatimaye akaweka makazi Belém, karibu na mto Amazon unapoingia baharini. Ulingoni walimwita Conde Koma. Enzi hizo, nje ya Japani, judo ya Kano ilikuwa bado ikiitwa jiu-jitsu, na Brazil ikabaki na jina hilo hata baada ya Wajapani kuliacha. Kijana wa Belém, Carlos Gracie, mzaliwa wa 1902, aliupata mchezo huo kupitia kwa Maeda. Ukoo wake unahesabu 1925 kuwa mwaka walipofungua ukumbi wao wa kwanza Rio de Janeiro. Mdogo wake Hélio, mzaliwa wa 1913, ndiye aliyekuja kuvuma zaidi.

Sasa, anayeanza huwa na haraka ya kujua majina ya kabali. Hizo ndizo zinazotamba kwenye video za simu. Lakini kaa pembeni ya mkeka usikilize mwalimu anapiga kelele gani wanafunzi wakigaragazana. Kabali inatajwa mara moja, pengine isitajwe kabisa. Kinachotajwa kila baada ya sekunde chache ni mahali: uko wapi, mwenzako yuko wapi, miguu ya nani imeziba njia. Na sehemu kubwa ya maneno hayo ni ya aliye chini. Katika mieleka ya Olimpiki mabega yako yakibanwa kwenye mkeka mchezo umekwisha, na watoto wanaopigana mieleka mchangani nao hawana ubishi juu ya hilo: aliyelala chali kashindwa. Jiu-jitsu ya Brazil haikubali. Aliyelala chali ana kazi zake, ana pointi zake, na ana msamiati mrefu kuliko wa aliye juu. Kwa maoni yangu mgeni aanze na huo, kwa sababu miezi yake ya mwanzo ataishi huko chini apende asipende.

Neno kuu la aliye chini ni guarda, yaani ulinzi, ambalo hapa nitaliita gadi. Uko kwenye gadi pale unapolala chali au kukaa kitako huku miguu yako imesimama kati yako na mpinzani. Miguu yenyewe ndiyo gadi. Ikimzunguka kiunoni na visigino vikafungana nyuma ya mgongo wake, hiyo ni gadi iliyofungwa, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kufundishwa. Ukiachanisha visigino ukaweka nyayo kwenye nyonga zake, au ukashika mikono ya koti lake na kumkanyaga kwenye misuli ya juu ya mkono, ni gadi wazi. Gadi wazi ina matawi mengi, na mengine yana majina ya watu. Ile ambayo mguu wako mmoja unauzunguka kwa nje mguu wa mbele wa mtu aliyesimama inaitwa De La Riva, kwa jina la Ricardo de la Riva wa Rio. Nusu gadi ni pale ulipobaki umeubana mguu wake mmoja tu kati ya miwili yako. Zamani wengi waliihesabu kuwa kituo cha mwisho kabla ya kushindwa; leo wako mabingwa wanaoingia humo kwa hiari na kushambulia wakiwa humo humo.

Kwa nini kulala chali kukaitwa ulinzi? Jibu zuri lilitolewa hadharani mjini Tulsa, Marekani, Desemba 16, 1994, kwenye fainali ya UFC 4, mashindano yaliyokutanisha wapiganaji wa mitindo tofauti. Royce Gracie, mtoto wa Hélio, alikutana na Dan Severn, mwanamieleka aliyemzidi kwa zaidi ya kilo 30. Severn alimwangusha mapema, akamlalia, akamkandamiza. Kwa karibu robo saa Royce alikuwa chini, na asiyejua maana ya gadi aliona mtu mdogo anaonewa. Ukiitazama leo ukiwa umeshajua neno hilo unaona pambano jingine kabisa: miguu ya Royce inapanda kidogo kidogo, kutoka kiunoni kwenda kwapani, kutoka kwapani kwenda begani, huku Severn akishindwa kusogea. Ilipokaribia dakika ya 16 miguu ilifika shingoni, ikafungwa, na Severn akagonga.

Kilichomgongesha kinaitwa triângulo kwa Kireno na sankaku-jime kwa Kijapani, yaani pembetatu. Shingo na mkono mmoja wa mpinzani vinaingia katikati ya mapaja yako. Mguu wako mmoja unapita nyuma ya shingo yake, na kifundo chake kinafichwa kwenye kikunjo cha goti la mguu wa pili. Hapo upande mmoja wa shingo unabanwa na paja lako, na upande wa pili unabanwa na bega lake mwenyewe. Mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani inazibwa kulia na kushoto, na asiyegonga huzimia baada ya sekunde chache. Watu wengi hudhani kabali ni kukosa pumzi. Kabali nzuri za mchezo huu hubana damu, na unaweza kuwa unavuta pumzi vizuri huku taa zinaanza kuzimika. Kwa hiyo usisubiri kukosa hewa ndipo ugonge.

Kutoka kwenye gadi aliye chini ana njia nyingine mbali na kumaliza pambano: kumpindua aliye juu ili wabadilishane nafasi. Wabrazil wanaita raspagem. Sisi kupindua kunatutosha, na kupindua kunalipwa pointi 2, sawa na kumwangusha mtu akiwa amesimama, iwe kwa mwereka au kwa ngwara.

Aliye juu naye ana shughuli moja kubwa, kuivuka ile miguu. Kufanya hivyo ni kupita gadi, na akivuka na kutulia kwa sekunde 3 anapata pointi 3. Akishapita, kwa kawaida anaishia ubavuni, kifua chake kimekilalia kifua chako kwa mkingamo. Wabrazil wana jina tamu la nafasi hiyo: cem quilos, kilo mia. Aliyewahi kulaliwa na mtu mwenye kilo 65 anayejua kazi yake hatalibishia jina hilo. Kutoka ubavuni anaweza kuweka goti tumboni mwako, pointi 2. Au akakupanda, yaani akakukalia juu ya tumbo magoti yake yakiwa pande zote mbili, pointi 4. Nafasi hiyo ni montada. Pointi 4 nyingine zipo mgongoni: amekuja nyuma yako, kifua chake mgongoni mwako, na miguu yake imeingia ndani ya mapaja yako. Miguu hiyo inaitwa ganchos, kulabu, na zisipoingia zote mbili pointi hazitoki.

Hesabu hiyo ina mantiki ya ugomvi. Nafasi yenye pointi nyingi ni ile ambayo, kama ngumi zingeruhusiwa, mmoja angepiga na mwingine asiweze kurudisha. Kwenye UFC ya kwanza, Denver, Novemba 12, 1993, bondia Art Jimmerson aliingia ulingoni akiwa na glovu mkono mmoja tu. Royce alimwangusha, akampanda. Shingo ya bondia ilikuwa haijakabwa na hakuna kiungo chake kilichokunjwa, lakini aligonga. Alikuwa amekaliwa juu ya tumbo, glovu haina kazi, na hakujua la kufanya. Msamiati wa aliye chini ungemfaa sana usiku ule.

Tuurudie basi, maana mgeni anahitaji kutoka chini ya kilo mia kabla ya kuhitaji kabali yoyote. Umelala chali. Kifua chake kimekugandamiza, mkono wake mmoja uko chini ya shingo yako, mwingine kando ya nyonga. Kila mgeni hufanya kosa lile lile: ananyoosha mikono na kumsukuma mtu juu kama anayenyanyua vyuma. Mikono ikinyooka ndiyo inavunwa, na armlock inafuata. Kando ya mkeka mwalimu anapiga kelele, "Nyonga! Nyonga!" Maana yake acha mikono, sogeza nyonga. Unaweka kigasha kimoja shingoni mwake na kingine nyongani mwake, si kwa kusukuma, ni kwa kuzuia asijaze nafasi utakayoitengeneza. Unakanyaga karibu na makalio na kunyanyua kiuno juu. Hiyo ni upa, au ponte, daraja. Uzito wake unayumba kidogo. Kiuno kikishuka, kinashukia pembeni: unageukia ubavu unaomwelekea, unasukuma mkeka kwa unyayo, na makalio yako yanakimbia kumwacha yeye alipo. Hiyo ndiyo fuga de quadril, kutorosha nyonga. Panapatikana upenyo wa kutosha goti moja tu. Goti linaingia, mguu wa pili unafuata, na gadi imerudi.

Wajapani wanaita mwendo huo ebi, yaani kamba wa baharini, kwa jinsi mwili unavyojikunja na kuchomoka kinyumenyume. Katika kumbi nyingi somo linaanza kwa darasa zima kuvuka mkeka kwa mwendo huo, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Watu wazima na ndevu zao wanajinyonganyonga sakafuni, na mgeni anajiuliza kama amekosea mlango. Avumilie. Ukinilazimisha kuchagua neno moja la kujua kuliko yote, nitachagua hilo. Upa yenyewe ina kazi nyingine kubwa ukiwa umepandwa: unabana mkono wake na mguu wake wa upande mmoja asipate pa kujiegemeza, kisha unanyanyua kiuno kuelekea bega la upande huo huo. Anaanguka kama meza iliyong'olewa miguu miwili.

Majina ya mbinu za kumalizia ni mepesi kuyakamata kwa sababu kila moja lina kisa. Linalovuma kuliko yote ni kimura. Oktoba 23, 1951, kwenye uwanja wa Maracanã, Rio, Hélio Gracie alipambana na Masahiko Kimura, bingwa wa judo wa Japani aliyemzidi uzito kwa mbali. Kimura alikamata kifundo cha mkono wa Hélio, akapitisha mkono wake wa pili juu ya ule wa Hélio na kushika kifundo chake mwenyewe, kisha akauzungusha mkono uliokunjwa kuelekea mgongoni. Mkono ulivunjika. Hélio hakugonga, Carlos, kaka yake, ndiye aliyesimamisha pambano. Wajapani wanaiita mbinu hiyo gyaku ude-garami. Wabrazil waliipa jina la mtu aliyemvunja bingwa wao mkono, na kwa hilo mimi nawavulia kofia. Mshiko huo huo ukiupeleka upande wa pili, kiganja kikielekea kichwani badala ya mgongoni, unaitwa americana.

Mata-leão maana yake muua simba. Mshambuliaji yuko nyuma, kulabu zimeingia, mkono mmoja umezunguka shingo. Msomaji aliyewahi kupigwa roba ya mbao Dar es Salaam, au ngeta Nairobi, atasema hii anaijua na simu yake ilikwenda nayo. Ni ndugu, ila hawafanani kabisa. Kibaka huwa anagandamiza koromeo kwa mfupa wa kigasha, na maumivu ni ya koo. Kwenye mata-leão kikunjo cha kiwiko kinakaa chini ya kidevu, koromeo linabaki salama kwenye uwazi wa katikati, na kinachobanwa ni pande mbili za shingo, kwa misuli ya juu ya mkono upande mmoja na kigasha upande mwingine. Kiganja cha mshambuliaji kinashika mkono wake wa pili juu kidogo ya kiwiko, na mkono huo unapita nyuma ya kichwa cha anayekabwa. Mara nyingi hakuna maumivu ya kukutahadharisha, na ndiyo hatari yake.

Guilhotina ni kabali ya mbele, ya anayekuingilia kichwa kimeinama. Omoplata ni jina la mfupa wa bega kwa Kireno, na ni kimura inayofanywa kwa miguu. Mgeni aziache kwanza.

Miguuni kuna maneno ambayo kwa miaka mingi yalinuka dharau. Oswaldo Fadda, mwalimu asiye wa ukoo wa Gracie, alifundisha kwenye vitongoji vya Rio watu wasio na fedha za kumlipa. Katikati ya miaka ya 1950 wanafunzi wake waliutaka ukumbi wa akina Gracie mapambano, wakashinda, silaha yao kubwa ikiwa kukunja vifundo vya miguu. Walioshindwa walizibeza mbinu hizo kuwa za watu wa pembezoni, na mpenda miguu akabandikwa jina la sapateiro, mshona viatu. Leo washona viatu wanatisha kila mahali. Kanuni za IBJJF zinamruhusu mtu mzima mwenye mkanda mweupe kunyoosha kifundo cha mguu, lakini zinamkataza kuzungusha kisigino, kwa sababu kisigino kikizungushwa kinachokatika ni kano za goti, nazo hukatika kabla maumivu hayajakupa taarifa. Mwenzako akikukumbatia kisigino mazoezini na kuanza kukizungusha, gonga. Usingoje kuona kitakachotokea.

Mikanda nitaipita haraka, maana inazungumzwa kuliko inavyostahili. Kwa watu wazima ni mweupe, buluu, zambarau, kahawia na mweusi. Wa buluu hautolewi chini ya umri wa miaka 16, wala mweusi chini ya 19, na wengi huchukua takriban miaka 10 kuufikia. Alama nyeupe zinazobandikwa kwenye ncha ya mkanda, hadi nne, ni graus, hatua za katikati. Vazi lenyewe Wabrazil wanaliita kimono, na ukosi wake si pambo: unashikwa, unavutwa, unakaba.

Ukienda mashindanoni mkanda mweupe unapigana dakika 5. Mwamuzi, awe amezaliwa Abu Dhabi au California, anatoa amri kwa Kireno. "Combate!" anzeni. "Parou!" acheni hapo hapo mlipo, usijirekebishe hata kidole. Akisema "Lute!" anakuonya kwamba umekaa bila kufanya lolote, na onyo lina gharama yake.

Yabaki maneno ya uani. Rola ni kugaragazana kwa mazoezi. Oss, la Kijapani, ni salamu, ni ndiyo, ni asante, ni nimeelewa hata kama hujaelewa. Ukiwa na shaka sema oss. Casca-grossa, mwenye ganda nene, ni sifa ya mtu mgumu asiyelia. Creonte ni tusi. Carlson Gracie, mtoto wa Carlos, alilichukua jina la mhusika wa tamthilia ya televisheni ya Brazil na kumtupia mwanafunzi anayehama ukumbi mmoja kwenda kwa mahasimu, na enzi zake watu waliacha kusalimiana kwa ajili hiyo. Siku hizi creonte wengi hawana usaliti wowote moyoni. Wamehamia kwenye ukumbi usio na foleni ya magari.